Kurasa za Nafsi

Katika nyumba za Bayeye, wacheza nyoka wa Usukuma, kuta zilichorwa nyoka na watu kwa udongo wa rangi, ili walioingizwa chamani wafundishwe. Hans Cory alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1953. Michoro ile haikuwa pambo la bure, ilibeba mafunzo.

Kwa kipimo hicho na tuzitazame kurasa ambazo baadhi ya vijana wa Shinyanga na Geita huzitengeneza madaftarini, wakichanganya rangi, vipande vya magazeti, vitambaa na maneno ili wajitafakari. Nyingine hupendeza macho, lakini zi kimya. Waridi lililokatwa gazetini halisemi lolote juu ya mkataji. Bali pamba ya shamba la mama, au vumbi la mgodi alikohangaika baba, vikibandikwa kando ya sentensi moja ya kweli, huwa ushahidi.

Kosa si la vijana peke yao. Anayejua kwamba ukurasa wake utapewa alama huandika apendalo msahihishaji. Mwalimu na afundishe matumizi ya rangi na gundi, kisha daftari amwachie mwenyewe. Ukuta wa Bayeye ulikuwa wa chama. Ukurasa huu ni wa nafsi.