Masikio ya Gereji

Land Cruiser za utalii pale Arusha hukatwa chesisi, zikarefushwa, zikapewa paa la kufunguka. Wenye magari wengine huongeza turbo kwenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na lita 4.2 iliyotoka kiwandani bila turbo. Gari la namna hiyo likianza kugonga, kitabu cha kiwanda hakitoshi. Anahitajika fundi mwenye masikio.

Naye haanzi kwa kufungua. Anataka injini iliyolala usiku kucha, aiwashe ingali baridi, maana mlio unaopotea ikipata moto huenda ni moshi unaovuja kwenye gasketi ya ekzosi, si chuma kinachosagika. Kisha anaegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye bloku, mpini sikioni, feni ikizunguka karibu na uso wake. Kwa kawaida valvu hulia mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kreki shafti; beringi za chini hufuata kila mzunguko, na huzidi injini ikibebeshwa mzigo. Halafu analegeza mabomba ya nozeli moja baada ya jingine, dizeli ikimrukia vidoleni. Mlio ukififia, silinda ni hiyo.

Tunalipia vipuri na saa za kufungua, si ule muda wa kusikiliza uliookoa injini nzima, na hiyo si haki. Watalii wakipiga picha Serengeti, yeye yuko chini ya gari jingine, akitafuta kama mvumo unatoka kwenye turbo au kwenye beringi ya katikati ya propela iliyorefushwa.