Shibiri Moja Juu ya Samaki

Krapi ni nadra kushuka kufuata chakula. Macho yake makubwa yamekaa juu kichwani, kinywa chake kimeelekea juu, na kawaida yake ni kutulia katikati ya maji akiangalia kinachopita juu yake. Chambo kikishuka chini ya tumbo lake, ni kama hakipo. Kikipita mbali juu yake siku maji yana baridi, hataona sababu ya kujisumbua. Lakini kikisimama shibiri moja juu ya kichwa chake, kikatulia hapo, atapanda polepole na kukivuta kinywani. Kazi yote ya kumvua samaki huyu kwa jigi imejengwa juu ya shibiri hiyo moja. Nimeiangalia kwa muda mrefu, na kadiri ninavyoiangalia ndivyo ninavyoiheshimu.

Krapi ni samaki wa maji baridi wa Amerika ya Kaskazini. Wako wa aina mbili, mweupe na mweusi, ingawa wote wana mng'ao wa fedha na madoa meusi. Wajuzi huwatofautisha kwa miiba ya pezi la mgongoni: mweupe huwa na mitano au sita, mweusi saba au minane. Ni wa ukoo mmoja na besi, yule samaki mwenye kinywa kikubwa aliyeletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Wala si samaki wa kujivunia kwa ukubwa. Krapi mweupe anayeshika rekodi ya dunia alivuliwa Ziwa Enid, jimbo la Mississippi, mwaka 1957, naye alikuwa na kilo 2 na kitu. Wengi wanaofika mezani hawafikii nusu kilo. Kwa hiyo anayemfuata krapi hafuati nguvu za samaki. Anafuata usahihi wa mkono wake mwenyewe.

Mahali pazuri pa kuuona usahihi huo ni Ziwa Reelfoot, kaskazini magharibi mwa Tennessee. Kati ya Desemba 1811 na Februari 1812 matetemeko makubwa yaliitikisa nchi iliyo kandokando ya mto Mississippi. Ardhi ikadidimia huku na kuinuka kule, kijito kikazibwa njia, na msitu ukafunikwa na maji. Zaidi ya miaka 200 baadaye visiki vya msitu ule bado vimejaa majini, na miti ya saipresi imesimama ndani ya ziwa, mashina yake yamevimba kwenye usawa wa maji. Sehemu kubwa ya ziwa haifikii kina cha mita mbili. Kwa mwenye boti ya kasi ni mahali pa hatari. Kwa krapi ni nyumba yenye vyumba vingi, kwa kuwa hupenda kukaa kando ya mti, kwenye kivuli, mahali vidagaa wanapopita.

Ziwa hilo lilizaa chombo chake. Mashua ya Reelfoot imechongoka mbele na nyuma, tumbo lake si la kina, na hupanda juu ya kisiki na kuteleza bila kukwama. Makasia yake yana bawaba, hivyo mpiga makasia huketi akitazama anakokwenda badala ya anakotoka. Familia ya Calhoun ilijulikana kwa kuziunda mashua hizo kizazi hadi kizazi, na mwaka 1998 mmoja wao, Dale Calhoun, alitunukiwa heshima ya taifa ambayo Marekani huwapa mafundi na wasanii wa jadi. Nalitaja hilo kwa sababu bawaba zile ni sehemu ya uvuvi wenyewe: mtu anayeona kisiki kabla ya kukifikia hafanyi kishindo, na samaki aliye kwenye kina cha mita moja husikia kila kishindo.

Sasa tuitazame jigi. Ni ndoana iliyosubiwa risasi shingoni, ikawa na kichwa kidogo cha mviringo. Mkia wake ni wa mpira laini, au wa nywele za mkia wa paa, au wa manyoya yanayoitwa marabu. Manyoya hayo yana jina la korongo yule mkubwa mwenye upara anayesimama kwenye majalala ya Kampala na Nairobi, ijapokuwa siku hizi hutoka kwa bata mzinga. Fundi huyafunga kwa uzi mwembamba, mzunguko baada ya mzunguko, kisha huyapunguza. Yakizidi, jigi huelea badala ya kushuka; yakipungua, haina uhai. Uzuri wa manyoya hayo ni kwamba hata mkono ukitulia kabisa, yenyewe huendelea kupumua majini.

Uzito wake ni wa kupimwa kwa gramu: 0.9, 1.8, mara chache 3.5. Jigi nyepesi hushuka taratibu, na samaki aliyezubaa hupenda kitu kinachoshuka taratibu. Lakini upepo ukivuma mshipi hupinda, jigi nyepesi hubebwa, na mvuvi hajui tena iko kina gani. Akichukua nzito anapata kina na kupoteza ulaini. Kila asubuhi anayapima mawili hayo upya.

Kisha kuna fundo. Tundu la ndoana ya jigi limekaa juu ya kichwa. Fundo likiwa juu kabisa ya tundu, jigi huning'inia ikiwa imelala, jinsi kidagaa anavyokaa majini. Fundo likiteleza mbele kidogo tu, mkia hushuka na jigi husimama wima, na krapi aliyekuwa akiitamani huiacha. Mvuvi hodari hulisogeza fundo hilo kwa ukucha kila baada ya samaki, hata kama samaki wanakula mfululizo na wenzake wanamhimiza arudishe chambo majini upesi.

Alfajiri ni saa ya krapi, kwa kuwa macho yale makubwa huona vizuri kwenye mwanga hafifu. Mvuvi huisimamisha mashua mbali na mti, halafu hunyoosha ufito wa mita tatu au nne mpaka ncha iwe juu ya maji anayoyataka. Hatupi chochote. Anashusha. Mkono wa kushoto huvuta mshipi kutoka kwenye kigurudumu hadi pete ya kwanza ya ufito, na kila mvuto una urefu uleule. Mvuto mmoja, wa pili, kimya. Asipopata kitu, anaongeza kidogo. Samaki wa kwanza wa siku humwambia jambo moja kubwa: idadi ya mivuto. Kuanzia hapo anarudi kila mara kwenye idadi ileile, mti hadi mti. Katika ziwa la maji haba kiasi hiki mtu angedhani kina si hoja. Ni kinyume chake: mahali ambapo maji yote ni mita moja na nusu, kukosea kwa kiganja kimoja ni kukosea sana.

Baada ya kushusha, kinachofuata ni kutulia, na hapo ndipo wengi hushindwa. Mgeni huichezesha jigi juu na chini akidhani anaipa uhai. Mzoefu huishika tu. Mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono na mtikisiko mdogo wa mashua vinatosha. Akiisogeza, huisogeza pole kulizunguka shina la mti, upande wa kivuli kwanza.

Wavuvi wa mshipi wa Pemba na Lamu huisoma habari ya samaki kwa kidole. Huyu wa Reelfoot huisoma kwa kidole na kwa jicho, ndiyo maana mshipi wake mara nyingi ni wa rangi ya manjano iliyokolea. Krapi hula akipanda, kwa hiyo mara nyingi hauvuti mshipi, anauinua. Ishara ya samaki inakuwa ni mshipi kulegea, uzito wa jigi kutoweka ghafla kwenye ncha ya ufito. Mtu anayengoja kuvutwa atangoja hadi jioni huku samaki wakichukua na kutema.

Na akishaona, asikurupuke. Ngozi inayozunguka kinywa cha krapi ni nyembamba hata mwanga hupenya, na ndoana huichana bila shida. Mvuvi huinua kifundo cha mkono tu, ufito ukapinda na kubeba mishtuko, mshipi haulegei hata mara moja, na wavu wa mpini humpokea samaki kabla hajatoka majini. Hakuna nguvu popote katika tendo hilo, na bado mwili wote unashiriki.

Jua likipanda, kina hubadilika. Samaki hujisogeza ndani zaidi kwenye kivuli, na hesabu ya asubuhi hufutika. Majira nayo hubadilisha mambo. Maji yakifikia kati ya nyuzi 16 na 20 katika majira ya kuchipua, krapi husogea kwenye maji haba kutaga, na dume, akiwa amebadilika kuwa mweusi zaidi, hubaki akiyalinda mayai. Siku hizo huvuliwa kwa urahisi, na ndipo kiasi cha mtu hupimwa. Sheria za jimbo huweka mipaka ya idadi na urefu. Mvuvi ninayemheshimu huacha kabla mpaka haujamlazimisha, akachukua wanaotosha kikaango kimoja cha minofu iliyopakwa unga wa mahindi.

Miaka hii zimeingia sonari zinazoonyesha kwenye skrini samaki na jigi kwa wakati uleule. Wapo wanaosema zimeua ufundi. Mimi naona zimeonyesha ufundi ulikuwa wapi. Skrini humwonyesha mtu samaki, humwonyesha jigi, humwonyesha samaki akiikaribia, akiitazama, akageuka. Kina amepewa bure. Mkono uliotulia bado ni lazima aujenge mwenyewe.

Kwa hiyo anayetaka kuanza namshauri aanze na jigi ya gramu 1.8 na rangi moja tu. Abadilishe kina mara kumi kabla ya kubadilisha rangi mara moja, na baada ya kila samaki ahesabu mivuto yake kwa sauti. Masanduku yamejaa jigi za rangi mia, na zote ni nzuri. Krapi ataichagua ile iliyo juu yake kidogo na isiyo na haraka.