Eli kabaki macho

Kama uliitazama Stargate Universe hadi mwisho, hasira hii unaijua. Syfy walitangaza kuikatisha Desemba 2010, vipindi kumi vikiwa bado havijarushwa. Mashabiki wakavitazama 2011 huku wakihesabu maswali yasiyojibiwa.

Kubwa zaidi: ujumbe uliofichwa kwenye mnururisho wa masalia ya Mlipuko Mkuu. Mnururisho wenyewe upo kweli. Penzias na Wilson waliunasa 1964, na joto lake ni kelvini 2.7 hivi. Tofauti za joto humo ni kama sehemu moja kwa laki. Kuugeuza barua ya mtu? Hilo deni waandishi wasingelilipa hata kwa misimu mitano.

Lakini "Gauntlet", kipindi cha mwisho, acha tu! Destiny hujichaji kwa kuzama ndani ya nyota (hapo fumba macho kidogo), na maadui wameziba njia. Nishati haitoshi kuwaweka wote hai, basi walale miaka mitatu. Chombo kimoja cha kulalia kinapungua. Eli anabaki, ana wiki mbili za kukitengeneza. Wengi walisema tumeachwa njiani. Mimi sioni hivyo: kila uamuzi pale umetoka kwenye hesabu ya nishati, na mtazame usoni anapoangalia nje dirishani. Anatabasamu.