Ngitili Mwezi wa Julai

Mwezi wa Julai ndio wakati wa kuzunguka vijiji vya mkoa wa Shinyanga kwa miguu. Asubuhi kuna kibaridi, mvua zimekwisha, mabua ya mtama yameshaliwa na ng'ombe, na macho yanafika mbali. Katikati ya ukavu huo imesimama ngitili, malisho yaliyofungwa yakingoja kiangazi, nyasi zake kiunoni.

Mgeni ataiona pori tu. Inama kwenye kisiki cha mgunga: kimetoa machipukizi mengi, na mtu amepita na panga kali akabakiza mawili, yale yaliyonyooka. Kando ya njia kuna ua wa minyaa, iliyochomekwa fimbo kwa fimbo mpaka ikashika mizizi. Pande nyingine hazina ua wowote, na bado hakuna kwato iliyoingia. Hapo ndipo ninapowavulia kofia wafugaji wa Kisukuma. Kulinda malisho kwa seng'enge ni rahisi. Wao wanayalinda kwa makubaliano, na anayeyavunja hujibu mbele ya dagashida, baraza la jadi la Wasukuma.

Ufundi huu nusura upotee. Misitu ilifyekwa kuwafukuza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, kisha miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na ngitili zao. Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, zilizokuwa zimebaki ni hekta 600 hivi. Mradi ulianza na vitalu vya miche, lakini kilichoirudisha miti kwa wingi ni maarifa ya wenyeji: funga eneo, acha visiki vichipue. Baadaye ngitili zilipita hekta 300,000, na mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kwangu mimi, tuzo ile ni ya wazee na wachungaji.

Kazi ngumu zaidi ni kungoja. Ngitili hufungwa mvua zinapoanza, na mwenye nayo huwatazama ng'ombe wake wakikonda huku majani yapo hatua chache tu kutoka zizini. Nilimuuliza mzee mmoja atafungua lini. Akachuma suke la nyasi, akalisugua kiganjani, akanionyesha mbegu.

"Bado, mwanangu. Hizi zidondoke kwanza. Halafu tutaanza na upande ule wa bondeni, waingie ndama na maksai wa kulimia. Hawa wengine watasubiri."