Mwenye Nyumba na Mpangaji: Tatizo la Istilahi

Wahakiki wetu wamezoea kuuchambua uhusiano wa mwenye nyumba na mpangaji kwa msamiati wa kitabaka: kabaila, mnyonyaji, mirija. Msamiati huo ulikomaa Tanzania, ambako Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Huko neno lilikuwa na sheria nyuma yake. Kumbandika jina hilo mwalimu mstaafu wa Kakamega, mwenye vyumba sita pale Lurambi anavyowapangisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, ni kumtukana mtu bila kumweleza.

Sarufi ina mengi zaidi ya kutufunza. ‘Mpangaji’ ni nomino ya mtendaji. ‘Mwenye’ hutaja umiliki tu. Mmoja hupanga, hulipa, huhama, mwingine anacho. Na hata mwenye nyumba anapotenda, lugha humsitiri: mpangaji ‘amefungiwa nyumba’, na aliyetia kufuli hatajwi. Hadithi inayosimulia kufukuzwa kwa kauli hiyo ya kutendewa imekwisha kuchagua upande, mwandishi ajue asijue.

‘Kodi’ nayo ni ujira wa nyumba na ni ushuru wa serikali. Tangu 2016 mwenye nyumba za makazi nchini Kenya, mapato yake yakifikia kiwango cha kisheria, hutozwa sehemu yake kila mwezi: asilimia 10 hapo awali, 7.5 tangu 2024. Analipa kodi ya kodi! Kwa mpangaji hapana utani: neno lile lile humfanya mwenye nyumba kuwa serikali ndogo uani.

Waluhya walikuwa na istilahi nyingine, ‘omumenya’, mtu akaaye katika ardhi ya ukoo usio wake. Günter Wagner aliinakili miongoni mwa Walogoli, majirani wa kusini, katika utafiti wake wa miaka ya 1930. Neno hilo humtambulisha mtu kwa kukaa kwake, wala si kwa malipo. Tusilipambe, maana omumenya aliweza kulima shamba miaka mingi na bado akahesabiwa mgeni. Hata hivyo lilimlazimu msemaji kuukumbuka ukoo uliompokea, jambo ambalo ‘mpangaji’ hailidai kwa yeyote, na ambalo mwandishi wa riwaya ya mji huu bado hajalitafutia neno la Kiswahili.