Siku Zinazoachwa Wazi

Mpangaji wa safari huanza kwa kuchonga penseli. Kalamu ya wino hataigusa mpaka mwisho. Mezani kwake, katika ofisi ndogo ya ghorofani mtaani Thamel, jijini Kathmandu, kuna daftari la hesabu lenye vijisanduku, ramani mbili zilizochakaa kwenye mikunjo, na kifutio. Wateja wake ni wanne. Wanataka kufika Pangpema, kambi ya msingi ya upande wa kaskazini wa Kangchenjunga, mita 5,143 juu ya usawa wa bahari, kwenye pembe ya mashariki ya Nepal. Mlima wenyewe una mita 8,586 na ni wa tatu kwa urefu duniani. Hawaendi kuupanda, wanakwenda kusimama miguuni pake tu, na hata hilo litawachukua karibu wiki tatu.

Kila kijisanduku ni siku moja. Nilidhani angeanza na tarehe ya kuondoka, lakini mkono wake ulikwenda moja kwa moja katikati ya ukurasa, akatia duara kwenye vijisanduku ambavyo hakuna mtu atakayehama kambi: kimoja Ghunsa, kimoja Kambachen, viwili Lhonak, vituo vya njia ya kwenda Pangpema. Siku za kutembea zikaja baadaye, zikapangwa kuzizunguka hizo.

Kanuni anayoifuata inajulikana: ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne mwili upewe siku ya kuzoea. Tatizo ni kwamba vijiji havikujengwa kwa kuwasikiliza madaktari. Kutoka Gyabla hadi Ghunsa ni mruko mkubwa, Ghunsa hadi Kambachen vilevile, na kutoka Kambachen hadi Lhonak njia inapanda zaidi ya mita 600. Juu ya hayo, ramani zenyewe hazipatani. Moja inaipa Ghunsa mita 3,595, nyingine 3,415.

Hapo ndipo nilipoona ufundi. Hakuchagua ramani. Kwa kipande cha Gyabla kwenda Ghunsa alitumia namba kubwa, na kwa kipande cha Ghunsa kwenda Kambachen akatumia namba ndogo, ili kila mpando uhesabiwe kwa ukali wake wote. Akajumlisha, akafuta, akajumlisha tena. Kisha akaongeza usiku wa tatu Ghunsa, akapuliza vumbi la kifutio.

Siku iliyoachwa wazi si ya kulala kutwa. Pale Kambachen ameandika kwa herufi ndogo kwamba kundi litapanda asubuhi kuelekea barafu ya mlima Jannu, litazame, lirudi kulala kulekule chini. Waongoza watalii wa Kilimanjaro wangemwelewa bila mkalimani. Tofauti iko kwenye muda. Lhonak iko juu kidogo kuliko Kibo, ile kambi ya mwisho ya njia ya Marangu. Kibo mtu hupumzika saa chache, akapanda usiku, na jioni inayofuata yuko chini, kambi ya Horombo. Lhonak watu watalala usiku baada ya usiku, wakati barabara iko mbali kwa mwendo wa siku nyingi. Pangpema yenyewe wataiendea mchana na kurudi.

Vibali havikumchelewesha: eneo lile ni la mpakani, mgeni haruhusiwi kwenda bila wakala mwenye leseni, basi. Alikokawia ni kwenye mizigo. Mizani ya kuning'iniza iko nyuma ya mlango. Mpagazi mmoja, kilo 30, na ndani ya hizo zimo nguo zake mwenyewe. Mzigo huingia kwenye doko, tenga la mianzi linaloshikiliwa na ukanda unaopita juu ya paji la uso. Mchele, dengu na mafuta ya taa hupungua kila siku, kwa hiyo wapagazi nao hupungua. Kwenye daftari kila anayerudishwa amekwisha kuandikiwa ujira wake, chakula cha njiani, na mwenzake wa kushuka naye. Hakuna anayeteremka peke yake. Fedha zote zitabebwa taslimu, noti ndogondogo.

Safu ya mwisho ya ukurasa ndiyo iliyonishika zaidi. Mbele ya kila usiku ameandika mtu akizidiwa atashukia wapi, na kwa saa ngapi akibebwa mgongoni. Bima ya helikopta ipo, lakini mawingu hayasomi mikataba ya bima, na safu ile imeandikwa kana kwamba helikopta haijavumbuliwa. Kivuko cha Sele La, cha kupitia upande wa kusini wa mlima, amekiweka kwa mstari hafifu na alama ya kuuliza. Kitaamuliwa Ghunsa, wakati wa kurudi. Hapo nikakumbuka kwamba watu wa kwanza kuupanda Kangchenjunga, Joe Brown na George Band, mwaka 1955 walisimama hatua chache chini ya kilele kwa kuheshimu ahadi iliyotolewa kwa mtawala wa Sikkim. Nilipomtajia, alisema anaijua habari hiyo, akaendelea kuhesabu dengu.

Alasiri akaja mpishi, akavuta kiti, akasoma orodha kwa kidole mstari kwa mstari. Lhonak maji huchemka kwenye nyuzi kama 84 tu, na dengu huko hazilainiki bila sufuria ya presha. Sufuria ilikuwa imeandikwa. Mpishi akaulizia mpira wa mfuniko wa akiba. Ulikuwa umeandikwa. Akaulizia wa pili. Mpangaji akamtazama, akachukua penseli, akaubadilisha 1 kuwa 2, na ndipo akafungua kalamu ya wino.