Chaki na Sauti Nne

Ukitaka kumjua mwalimu wa kwaya aliyeiva, mtazame anavyoandika kabla hujamsikia akiimba. Hapa Loitokitok, na kuteremka hadi Kimana na Rombo, wimbo mpya bado hufundishwa ubaoni kwa solfa. Juu kabisa huandikwa “Doh ni G”. Kisha mistari wima ya kugawa vyumba vya mapigo, na ndani ya vyumba hivyo herufi ndogo: d, r, m, f, s, l, t. Nukta pacha hutenga pigo na pigo. Nukta moja hulipasua pigo katikati, mkato hukipasua kile kipande tena. Kistari kinaamuru: usiachie, vuta. Herufi yenye kijialama juu hupanda ngazi, yenye kijialama chini hushuka. Safu ziko nne, soprano hadi besi, na lazima zilingane wima, maana jicho la mwimbaji wa teno likiteleza nusu ya pigo, wimbo umeharibika.

Kulinganisha huko ndiko ufundi wenyewe. Asiyeiva huandika soprano moja kwa moja hadi mwisho kwa mwandiko wa kupendeza, halafu besi inafika kwenye kiitikio ikiwa na noti nyingi na haina pa kukaa. Anazibana hadi hazisomeki. Fundi huutazama kwanza wimbo mzima, akaona ni sauti ipi yenye shughuli nyingi katika kila chumba, akaitengea nafasi hiyo, ndipo nyingine zikajipanga juu na chini yake. Hafuti sana. Waimbaji wanaponakili kwenye madaftari, nafasi zile zile huhama nazo, na anayekosa mazoezi leo ataweza kesho kuusoma wimbo kwenye daftari la mwenzake.

Kuna wanamuziki waliosomea noti za mistari mitano wanaoiona solfa kama maandishi ya wasiojiweza. Kweli ilizaliwa kwa ajili ya watu hao: Sarah Glover wa Norwich aliibuni kufundishia watoto, naye mchungaji John Curwen akaichukua katikati ya karne ya 19, akaitengeneza upya na kuieneza, na wamishonari wakaibeba hadi huku. Lakini kuwa rahisi si kuwa duni. Mistari mitano humwambia mwimbaji sauti iko wapi; solfa humwambia iko umbali gani na jirani yake. Baridi ya Julai ikishuka kutoka mlimani na koo za soprano zikakwama, mwalimu hufuta herufi moja tu pale juu, G ikawa F, na wimbo wote umeshuka bila ubao kuguswa tena. Mwenye mistari mitano, akitaka kuuandika wimbo ule mahali pake papya, atahamisha kila noti.

Wachina wanaufahamu ujanja huo. Kwaya zao nyingi husoma tarakimu, 1 hadi 7, na sifuri ni kimya. Juu ya karatasi wao huandika “1=G”, jambo lile lile la ubao wetu. Nukta juu ya tarakimu huipandisha, nukta chini huishusha, na mstari chini yake hukata muda wake nusu. Jean-Jacques Rousseau alipeleka pendekezo la kuandika muziki kwa tarakimu kwa wasomi wa Paris mwaka 1742, wakamkatalia. Walimu wengine wa Kifaransa waliliboresha baadaye, likapita Japani, na mwanzoni mwa karne ya 20 likaingia Uchina. Huko Xian Xinghai alilitumia mwaka 1939, mjini Yan'an, kuandika kantata yake kubwa ya Mto Manjano. Wasomi wale wa Paris sijui wangesema nini.

Ila anayenivutia zaidi ni Isawa Shūji, Mjapani aliyetumwa Marekani na serikali yake mwaka 1875 kusomea ualimu. Mambo mawili yalimshinda: kuimba ngazi ya sauti za Kizungu, na kutamka Kiingereza. La kwanza alilitibu kwa Luther Whiting Mason, mwalimu wa muziki wa Boston. La pili alilipeleka kwa Alexander Graham Bell, ambaye alimfundisha alama zilizobuniwa na baba yake, zinazochora jinsi ulimi na midomo vinavyokaa wakati wa kutamka. Isawa akarudi kwao akaanzisha mafunzo ya muziki shuleni, na alama za matamshi akaja kuzitumia kuwasaidia wenye kigugumizi. Kwake noti na alama ya matamshi zilikuwa kazi moja. Baada yake alikuja Mchina Yuen Ren Chao, mtunzi wa nyimbo na mwanaisimu, aliyezunguka vijijini na filimbi ya kupimia kina cha sauti akisikiliza lahaja. Mwaka 1930 alichapisha alama za toni: kijiti wima chenye mstari kando unaopanda au kushuka katika ngazi tano. Wanaisimu wanazitumia hadi leo.

Nasi huku tuna haja nazo zaidi kuliko tunavyodhani. Kimaa, lugha ya Wamaasai, kina irabu tisa, na sarufi yake imening'inia kwenye toni. Andika *edol oltungani*: kwa toni moja, mtu ndiye anayeona, kwa nyingine, ndiye anayeonwa. Mwanaisimu Tucker na John Tompo ole Mpaayei walizitia alama toni hizo katika kitabu chao cha sarufi cha mwaka 1955, lakini maandishi ya kila siku hayazionyeshi. Msomaji huzijaza mwenyewe kutokana na muktadha. Wimbo haumpi nafasi hiyo. Tuni ya Kiingereza iliyopachikwa maneno ya Kimaa hupanda pale sentensi ilipotaka kushuka, na anayeona anaweza kusikika kama anayeonwa. Kwa hiyo mtunzi makini wa kwaya za huku haanzi na chaki. Humwomba mzee aseme mstari ule polepole, kisha aseme tena, naye akifuata kwa mdomo uliofumba, mmm, mmm, hadi apate umbali kati ya silabi na silabi. Hapo ndipo anapoandika s, kisha m, na kumgeukia tena mzee kumuuliza kama mtu wake bado anaona.